Kitanda cha Mwalimu Sebuleni

Watu walimwita Fundi Mwanga, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alianza kazi kama seremala wa kawaida, wa vitanda na milango, lakini alipopeleka kabati kwenye nyumba ya mtu hakuweza kulishusha tu na kwenda zake. Alilisogeza huku, akalirudisha kule, akafungua pazia, kisha akamgeukia mwenye nyumba: "Mama, hiki kiti umekiweka mlangoni kama askari. Kinamlinda nani?" Mwenye nyumba alicheka, akamwacha akisogeze, na jioni alipokaa akaona kweli chumba kimepata pumzi. Habari zikaenda mdomo kwa mdomo. Mwishowe watu wakawa hawamwiti kwa ajili ya kabati tena, wanamwita awapangie nyumba.

Alikuwa na mtindo wake. Kabla ya kugusa chochote, alikalia kila kiti cha nyumba ile, kimoja baada ya kingine, hata kigoda cha jikoni. Alikaa kimya, mikono magotini, akitazama kile ambacho mwenye kiti hukitazama kila siku. Wateja wapya walishangaa kama wameita fundi au wamepata mgeni, na wengine walianza kumwandalia chai. Akishamaliza kukaa ndipo alipotoa chaki na pimamaji. Balbu ya katikati ya dari aliichukia kama adui. Alisema inafaa gereji, haifai binadamu. Picha alizishusha karibu katika kila nyumba aliyoingia. "Sebuleni watu wanakaa," alisema. "Hizi mmemtundikia twiga?"

Mkewe alikuwa amefundisha watoto wadogo kwa miaka mingi, wale wa kuimba alfabeti na kulia wakiachwa na mama zao asubuhi. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mumewe naye alimwita hivyo hivyo. Yeye alimwita mumewe Fundi, mara nyingi kwa kumtania, maana nyumba yao wenyewe ilikuwa aibu. Pazia la sebuleni lilining'inia upande mmoja, balbu tupu ilikaa katikati ya dari bila haya, na picha zao zilikuwa zimerundikwa chini ya kitanda ndani ya shuka kuukuu. "Ningekuwa mteja wako," Mwalimu alisema, "ningekwisha kukushitaki." Fundi alijibu kwamba kesho atashughulikia. Hiyo kesho yake ilikuwa ndefu, acha tu.

Kisha Mwalimu akaugua. Walihangaika hospitali hii na ile, wakapewa matumaini, wakanyang'anywa. Siku moja daktari alifunga faili taratibu, akasema kilichobaki ni kumpunguzia maumivu, na kwamba hilo linaweza kufanyika nyumbani. Fundi alimpeleka nyumbani akiwa amemshika mkono njia nzima, wala hakumbuki walizungumza nini.

Chumba chao cha kulala kilikuwa nyuma kabisa ya nyumba. Kilikuwa na dirisha dogo linalotazama ukuta wa jirani. Mwalimu alilala humo kwa majuma machache, akiwasikiliza mumewe na binti yao kupitia mlangoni. Mapema alikuwa amemwomba mumewe ageuze kioo cha meza ya kujipambia kitazame ukuta. "Yule mwanamke aliyemo humo simjui," alisema, na Fundi akakigeuza bila kuuliza. Halafu asubuhi moja akamwambia, "Fundi, nihamishie sebuleni."

"Sebuleni ukafanye nini?"

"Nikaishi. Huku nyuma nawasikia mnacheka, nikiita mnakuja mmeshanyamaza. Mnaingia na nyuso za mahakamani. Muda wenyewe sina mwingi. Nataka niwe pale mlipo."

Dada yake mkubwa, ambaye alikuja kila siku na hakuwahi kupungukiwa na maneno, alipinga hapo hapo. "Shemeji, kitanda sebuleni? Mgeni afungue mlango amkute mdogo wangu amelala na gauni la kulalia? Hata ugonjwa una sitara yake."

Fundi alimsikiliza shemeji yake kwa adabu, lakini moyoni alikwisha kuamua. Tena aliamua kitu kikubwa zaidi: sebule ile ingekuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Miaka yote amewapangia wengine. Sasa alikuwa na mteja mmoja tu duniani, na muda mfupi.

Alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Alikataa miadi ya wateja, akapaka kuta rangi ya maziwa, akatundika mapazia mawili, jepesi la mchana na zito la jioni. Balbu ya dari aliing'oa siku ya kwanza. Kitanda kilimsumbua zaidi, lakini akapata mahali: miguu ya Mwalimu ielekee ukuta mrefu, kichwa kielekee katikati ya chumba, na kochi fupi lisimame nyuma ya kichwa kumkinga na upepo. Kwa namna hiyo anayeingia mlangoni asingekutana na uso wa mgonjwa ghafla, na shemeji angepata sitara yake. Mwanga wa dirisha ungemjia ubavuni bila kumchoma macho. Meza ya kulia chakula na mlango wa jikoni vilibaki huko nyuma ya kochi. Juu ya meza alishusha taa yenye kofia pana, ili jioni wenzake wapate mwanga wa kulia na yeye abaki kwenye kiza laini cha kupumzika.

Kwenye ule ukuta mrefu, mbele yake, alitundika maisha yao. Alizitoa picha chini ya kitanda, akazifuta, akazitengenezea fremu mpya na kuzitia vioo visafi. Katikati akaweka ya harusi, kubwa kuliko zote, yeye ndani ya koti jeusi la kuazima lililomzidi mabega, Mwalimu akicheka macho yamefumba. Kando yake binti yao siku aliyohitimu, na darasa zima la watoto wa Mwalimu, mmoja wao akichokonoa pua. Alipiga magoti kando ya kitanda kupima urefu wa macho ya mtu aliyelala, akazishusha zote mpaka binti akauliza kama zinatundikwa kwa ajili ya paka.

Walipomleta Mwalimu na kumlaza, alizitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akautafuta mkono wa mumewe. "Leo umefanya kazi, Fundi," alisema. Bwana yule karibu aote mabawa.

Wageni walikuja, wakasifu. Hata shemeji alikiri kwamba pamekaa vizuri, ingawa aliyasema shingo upande. Siku zikaingia kwenye mpangilio. Jioni binti alifika kutoka kazini na mwanawe wa kike, akapika, wakala mezani chini ya taa, mjukuu akagombana na hesabu zake za shule. Mmoja wao alikaa na Mwalimu kumlisha, kisha akarudi mezani kwa wenzake. Baadaye shemeji, binti na mwanawe walienda makwao. Fundi akabaki peke yake pale mezani, nyuma ya kichwa cha mkewe, akiamini kuwa yumo ndani ya picha zake.

Hapo ndipo alipojiruhusu. Mchana kutwa alikuwa amejikaza kisabuni. Mchana kutwa alikuwa amechekesha watu, amepokea pole, amekoroga uji, amebeba beseni. Pale mezani uso ulimwanguka wenyewe. Alichukua kitambaa cha jikoni, akakibana mdomoni, akalia bila sauti mabega yakitikisika, akamlilia mtu ambaye bado alikuwa anapumua hatua chache mbele yake. Alipomaliza alinawa uso, akakohoa kidogo, akazunguka kochi na kutokea mbele ya kitanda akitabasamu. "Mwalimu, nikuletee maji? Nikusimulie ya yule mteja wangu wa mapazia ya zambarau?" Mwalimu alimtazama, akasema, "Nisimulie," naye akasimulia, na walicheka. Fundi alikwenda kulala kwenye godoro lake la chini akijipongeza. Aliona anaubeba mzigo wote peke yake na kwamba mgonjwa hahisi hata uzito wake.

Asubuhi moja binti na shemeji walimpeleka Mwalimu chumbani kumwogesha. Fundi akabaki anabadilisha mashuka. Alipiga mto mmoja, akaubonyeza, akaona umekuwa mgumu, na ili kuujaribu akajilaza kitandani. Kichwa kilipogusa mto alishtuka, maana aligundua kwamba hajawahi kulala pale. Nyumba za watu alikalia mpaka vigoda, lakini hapa, kwenye kazi aliyoiita bora kuliko zote, alipima kwa kupiga magoti tu pembeni, kwa haraka, kama fundi wa mtaani asiyejali. Akatazama mbele.

Hakuona harusi. Mwanga wa dirisha ulikuwa unampiga usoni kwa ubavu, na huko nyuma yake taa ya meza ilikuwa imezimwa. Kwenye kioo cha picha kubwa, juu ya weusi wa lile koti, ulikuwepo uso wa mtu mzima aliyechoka, macho yamezama, mashavu yameingia ndani. Ulikuwa uso wake. Akahamisha macho kwenye picha ya binti, uso ukamfuata. Akaenda kwenye ya darasa, ukamfuata.

Huyu ndiye mwanamke aliyeomba kioo kigeuzwe ukutani ili asijione! Na yeye, Fundi Mwanga, mtu wa kushusha picha za watu, alikuwa amempangia ukuta mzima wa vioo na kumlaza mbele yake, ajitazame anavyokwisha. Tena Mwalimu alikuwa amemshukuru. Fundi aliinuka pale akijitukana kwa sauti. Alileta bisibisi, akazishusha picha moja moja, akavitoa vioo vyote, akazirudisha picha zenyewe tu ndani ya fremu. Alijua jua litazipausha, yeye mwenyewe amewakemea wateja wangapi kwa kosa hilo. Zipauke. Vioo alivifunga kwenye magazeti na kuvitoa nje kabla mkewe hajarudi.

Mwalimu alipolazwa tena, aliuona ukuta mara moja. "Vioo viko wapi?"

"Nimevitoa. Vilikuwa vinakusumbua."

"Nani kasema vinanisumbua?"

"Nimelala hapo mwenyewe, nimeona. Nisamehe, Mwalimu. Nilikuwa mjinga."

Mwalimu akageuza uso upande wa dirisha. Fundi alidhani ni uchovu wa kuogeshwa.

Tangu siku ile mambo yakaenda mrama. Mwalimu alikula vijiko viwili vitatu, akasukuma bakuli. Akaanza kuita. Mlango ukilia, "Nani huyo kaingia?" Kijiko kikianguka, "Kuna nini?" Wakicheka mezani, "Mnacheka nini?" Binti alikimbia kuzunguka kochi amweleze, na akimaliza kueleza kichekesho kilikuwa kimeshapoa. Usiku Mwalimu hakutaka tena hadithi za wateja. Na siku chache baadaye, dada yake akiwa anamkanda miguu, alisema kwa sauti ndogo, "Nirudisheni tu chumbani."

"Si nilisema?" shemeji akamgeukia Fundi. "Nilisema, nikaonekana mchawi."

Kile chumba cha nyuma Fundi alikijua maana yake: mtu aliyeomba kuja kuishi sasa alikuwa anaomba kwenda kungoja. Na hakuna kingine kilichokuwa kimebadilika ndani ya nyumba isipokuwa vile vioo.

Jioni ile, shemeji, binti na mwanawe walipokwisha kuaga, hakwenda mezani. Alivuta kigoda, akakaa kando ya kitanda.

"Mwalimu, nimekosea wapi? Niambie kama unavyowaambia watoto wako. Polepole, na kwa herufi kubwa."

Akatabasamu kidogo. "Umenifungia dirisha, Fundi."

"Dirisha liko pale pale."

"Siyo hilo." Akanyoosha kidole dhaifu kwenye picha ya harusi. "Lile. Asubuhi kweli nilikuwa najiona, basi nafumba macho. Lakini jioni ukiwasha taa ya mezani, mimi nikiwa huku gizani, kioo chote kinakuwa nyinyi. Nawaona mnakula. Namwona mjukuu wangu anaandika jibu, anafuta, anamwibia mama yake nyama. Namwona dada anatikisa kichwa anapoonja chumvi. Mlikuwa wadogo hivi, lakini wote mlikuwemo. Nilikuwa nakaa nanyi."

Mtu aliyemwomba awe pale walipo, Fundi alikuwa amemlaza akiwapa wote mgongo, kwa sababu hivyo ndivyo chumba kilivyopendeza. Na kile kipande kidogo Mwalimu alichojiokolea, yeye alikuwa amekifunga kwenye magazeti.

"Mbona hukusema tukugeuze?"

Mwalimu alikusanya pumzi.

"Kwa sababu ningesema, ungegeuza kitanda, halafu ungeenda kulilia bafuni."

Fundi akainamisha kichwa.

"Nilikuona, mume wangu. Kila jioni. Ulikuwa unalia hapo kiooni, ndani ya koti lako la harusi, na kitambaa cha jikoni mdomoni. Ukimaliza unanawa, unakuja mbele yangu na ule uso wako wa wateja. Nami sikuolewa na uso wa wateja."

"Ningewezaje kulia mbele yako? Anayeumwa ni wewe."

"Na anayeachwa ni wewe. Msiba ni wetu sote wawili. Wewe wako ulikuwa unaufichia nyuma ya kichwa changu, na mimi nikawa nalia na wewe kimyakimya nikitazama ukutani, ili usijue. Ndicho kitu pekee tulichokuwa bado tunafanya pamoja. Halafu ukakitoa kwa bisibisi."

Alijaribu kujizuia, kwa mazoea tu. Meno yakaumana, kidevu kikacheza. Kisha akashindwa, na hakukuwa na kitambaa wala bomba la maji karibu. Akalia mbele ya mkewe kwa sauti, machozi na kamasi, mtu mzima mwenye mvi, na Mwalimu akamwekea mkono kichwani akampapasa. Alimlilia kila kitu: zile kesho alizoahirisha, ule uji, ile faili ya daktari. Mwalimu naye akalia, akacheka kidogo katikati.

"Hapo sasa," alisema. "Huyu nilikuwa nimemkumbuka."

Asubuhi Fundi alitaka kurudisha vioo, mkewe akamkatalia. "Kioo cha nini wakati macho ninayo? Nigeuze." Basi wakamgeuza, Fundi, binti na shemeji, na kochi likasukumwa pembeni. Kwa upande wa kazi ilikuwa fedheha. Kitanda kilikaa mshazari, miguu yake ikaziba njia ya jikoni, na kila mmoja wao aligonga goti pale akatukana. Mwanga wa dirisha ulimjia vibaya, ikabidi watundike shuka. Aliyefungua mlango wa nje alikutana na Mwalimu uso kwa uso, na Mwalimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkaribisha. Mteja mmoja aliyemfuata Fundi kwa ajili ya zulia alitazama chumba kile, akajifanya hajaona. Fundi hakujieleza. Aliketi mezani mahali ambapo mkewe alimwona, na chozi lilipomjia katikati ya chakula aliweka kijiko chini akaliacha lianguke. Mara ya kwanza binti alitoa macho. Baada ya muda naye akajifunza. Shemeji ndiye aliyechelewa zaidi, na alipoanza alilia kwa wote, mpaka mdogo wake akamwambia apunguze, chakula kinapoa.

Mwalimu alifariki asubuhi, familia ikinywa chai. Mjukuu alikuwa anasimulia ndoto ndefu isiyo na kichwa wala miguu, na watu walikuwa wanamcheka. Bibi yake alikuwa anawatazama, mmoja mmoja, na wao walikuwa wanamtazama. Hapakuwa na mtu wa kuitwa kutoka chumba kingine.